Siku Ubingwa wa Taifa Ulipoamuliwa Nyamagana



Jumapili iliyopita, baada ya shughuli za parokia, tulibahatika kuketi kwa kitambo chini ya mwembe pamoja na wazee wachache wa Bunda. Mazungumzo yao, kama ilivyo ada, yalianzia kwenye mvua na bei ya pamba, yakapitia kwa marehemu wa hivi karibuni, na hatimaye yakatua kwenye mpira. Mzee mmoja, mshabiki wa Yanga tangu ujana wake, alizitaja dakika tatu kwa utaratibu, kama mtu anayehesabu shanga za rozari: dakika ya 16, dakika ya 87, dakika ya 97. Wenzake walitikisa vichwa. Hapakuwa na haja ya kuuliza ni mchezo gani uliokuwa ukisemwa.

Mwenzake aliyeketi mkabala, ambaye ni wa Simba, hakukubali jambo hilo lipite hivi hivi. “Bwana, usiruke,” alisema. “Kati ya hiyo ya kumi na sita na hiyo ya themanini na saba, sisi ndio tuliokuwa mabingwa wa nchi hii. Dakika sabini na moja!”

Hapo ndipo kijana mmoja, mjukuu wa mwenye mji, aliyekuwa ameleta chai, alipouliza kwa adabu: “Babu, mechi kubwa namna hiyo ilikuwaje ichezwe Mwanza? Kwa nini isiwe Dar es Salaam?” Wazee walitazamana. Swali hilo hawakuwa wamejiuliza. Nasi tuliona kwamba ni swali linalostahili jibu, au walau jitihada ya kulijibu, na ndiyo sababu ya makala haya ya juma hili.

Tuanze na wenyewe wawili, kwa ajili ya vijana wetu. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata lilizaliwa kundi la pili, ambalo lilipitia majina kadhaa na hatimaye likajulikana kwa miaka mingi kwa jina la Sunderland, jina la klabu ya Uingereza, mpaka mwaka 1971 lilipojiita Simba. Ligi ya Taifa ilipoanza mwaka 1965, Sunderland ndiyo iliyokuwa bingwa wa kwanza, ikarudia mwaka 1966. Mwaka 1967 ubingwa ulikwenda kwa Cosmopolitans, nayo ni ya Dar es Salaam. Kisha ukaja utawala wa Yanga: 1968, 1969, 1970, 1971 na 1972, miaka mitano mfululizo. Hatimaye, tarehe 23 Juni 1973, Haidari Abeid, aliyeitwa Muchacho, aliifungia Simba bao moja lililotosha kuishinda Yanga 1-0, na mwaka huo Simba ikauvunja mfululizo huo kwa kutwaa ubingwa.

Kwa hiyo mwaka 1974 ulipofika, deni lilikuwa pande zote mbili. Yanga walikuwa wakidai kilicho chao. Simba walitaka kuthibitisha kwamba mwaka 1973 haukuwa wa bahati.

Ni lazima tuongeze kwamba michezo ya watani hawa, hata katika miaka hiyo ya mwanzo, haikuwa daima ya kistaarabu. Mwezi Juni 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5-0, na jeraha hilo halikupona upesi. Mwezi Machi 1969 Sunderland hawakuingia uwanjani kabisa, na ushindi ukatolewa mezani. Mtu anayefikiri kwamba migomo, rufaa na ushindi wa mezani ni magonjwa ya siku hizi, yafaa aizingatie tarehe hiyo. Mji mmoja ulikuwa umebeba timu mbili, mashabiki wa pande mbili na chuki ndogo ndogo za mitaa miwili, Jangwani na Msimbazi, ambayo mtu aweza kutoka mmoja hadi mwingine kwa miguu bila kuchoka.

Tatizo hili la mahali pa kuchezea fainali si letu peke yetu, wala si jipya. Huko Melbourne, Australia, ambako wana mpira wao wa aina ya pekee unaochezwa kwa mikono na kwa miguu, klabu nane zilianzisha ligi yao mwaka 1897. Mwaka huo wa kwanza Essendon walipata ubingwa bila kuwapo mchezo mmoja wa mwisho. Mwaka uliofuata ndipo ilipochezwa fainali kuu ya kwanza, tarehe 24 Septemba 1898, kati ya Fitzroy na Essendon. Haikuchezwa kwa Fitzroy wala kwa Essendon, bali ilipelekwa kwenye uwanja wa watu wengine, huko St Kilda. Essendon waliunung'unikia uwanja huo kabla ya mchezo. Hata hivyo walicheza, wakafungwa pointi 38 kwa 23. Tunaona kwamba tangu zamani watu wameelewa jambo moja: mwaka mzima wa kazi ukifungwa katika alasiri moja, udongo wa chini ya miguu nao huwa sehemu ya hukumu.

Basi, tarehe 10 Agosti 1974, siku ya Jumamosi, mchezo wa kuamua bingwa wa Tanzania ulichezwa katika Uwanja wa Nyamagana, mjini Mwanza. Katika kalenda ya Kanisa siku hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Laurenti, shemasi na shahidi, lakini tunakiri kwamba si wengi waliomkumbuka alasiri ile.

Wanaoufahamu Nyamagana wanajua kwamba si uwanja wa fahari. Uko katikati ya mji, umebanwa na barabara na majumba, na siku hizi umetandikwa nyasi bandia. Mwanza ulikuja baadaye kupata uwanja mkubwa zaidi wa Kirumba, na vijana wengi wa Kanda ya Ziwa hudhani kwamba kila jambo kubwa la mpira lilitokea Kirumba. La hasha. Kubwa kuliko yote, kwa maoni yetu, lilitokea pale Nyamagana, mahali ambapo mtazamaji wa kawaida alikuwa karibu na mstari kiasi cha kuwasikia wachezaji wakiitana.

Lakini kabla hatujaingia uwanjani, tuutazame mwaka wenyewe, kwa sababu bila mwaka huo swali la kijana wetu halijibiki.

Mwaka 1974 katika mkoa wetu wa Mara haukuwa mwaka mwepesi. Ulikuwa mwaka wa operesheni ya vijiji, watu walipohamishwa kutoka kwenye miji yao ya asili na kupelekwa kuishi pamoja. Wapo wazee wa Butiama, Bunda na vijiji vya kandokando ya ziwa ambao hadi leo hupima umri wa watoto wao kwa operesheni: huyu alizaliwa kabla ya kuhama, huyu baada ya kuhama. Mvua nazo zilikuwa zimekosekana, na nchi iliingia katika upungufu mkubwa wa chakula. Serikali ikaagiza nafaka kutoka ng'ambo, na katika miaka ile ukaonekana mezani kwetu unga wa mahindi ya njano. Watanzania, ambao hawakosi neno hata katika njaa, waliuita unga wa Yanga, kwa rangi ya jezi za klabu hiyo. Tunaomba msomaji aliweke neno hilo akilini, maana tutalirudia.

Papo hapo ulikuwa mwaka ambao mambo makubwa yalikuwa yakitoka Dar es Salaam. Mwaka 1972 Serikali ilitangaza Madaraka Mikoani. Mwaka huohuo TANU ilitoa Iringa azimio la Siasa ni Kilimo, kama ilivyotoa Azimio la Arusha mwaka 1967. Mwaka 1973 chama kiliamua kwamba makao makuu ya nchi yahamie Dodoma. Na miezi mitatu tu baada ya mchezo tunaousimulia, mwezi Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana hapa kwetu Musoma, chini ya Mwalimu Nyerere, mwana wa Butiama, ikatoa Azimio la Musoma, lililoharakisha elimu ya msingi kwa watoto wote na kutaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia Chuo Kikuu. Kwa miaka hiyo michache mtu wa mkoani aliweza kusema bila kujidanganya kwamba mambo ya nchi yanaamuliwa pia mahali anapopafahamu.

Hatusemi kwamba aliyeupeleka mchezo Mwanza alikuwa akitekeleza siasa ya Madaraka Mikoani. Tunasema tu kwamba katika nchi ya mwaka 1974 jambo hilo halikumshangaza mtu. Wazee wetu hawakuwa wamejiuliza swali la kijana kwa sababu wakati wao halikuwa swali. Ukiongeza hapo utani wa Jangwani na Msimbazi, na kumbukumbu ya mwaka 1969, uwanja ulio mbali na nyumbani kwa wote wawili ulikuwa na faida yake iliyo wazi.

Kwa watu wa Mara, Mwanza ni jirani. Safari yaanzia Musoma, yapita njia panda ya kuelekea Butiama, yafika Bunda, yashuka Lamadi ambako upande mmoja ni ziwa na upande mwingine ni nyika ya Serengeti, kisha Magu, na mwisho mawe ya Mwanza yanaanza kuonekana. Leo ni safari ya saa chache za basi. Wakati ule ilikuwa safari ya kuagana na watu wa nyumbani. Wengi hawakuweza kwenda. Kwao mpira wa Taifa ulikuwa sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam, kwani televisheni haikuwapo bado Tanzania Bara. Redio moja ilihudumia watu wengi. Ilitundikwa au kuwekwa juu ya meza, na wasikilizaji walijipanga kuizunguka kama wanavyouzunguka moto.

Mchezo wenyewe sasa. Katika dakika ya 16 Adam Sabu aliifungia Simba. Bao la mapema katika fainali ni jambo la hatari kwa pande zote mbili, hata kwa aliyelifunga, kwa sababu humpa kitu cha kulinda kwa muda mrefu mno. Mwezi mmoja tu kabla, tarehe 7 Julai, ulimwengu ulikuwa umeona mfano wake huko Munich, Uholanzi walipotangulia kufunga katika fainali ya Kombe la Dunia mapema kabisa, na bado Wajerumani Magharibi wakashinda 2-1. Simba hawakuwa na haja ya kusoma magazeti ya Ulaya kuujua ukweli huo, lakini kujua jambo na kuweza kulizuia ni vitu viwili.

Mapumziko yakafika, Simba 1, Yanga 0. Kipindi cha pili kikaanza, kikaendelea, kikazeeka. Dakika ya 60, ya 70, ya 80. Kila aliyewahi kuushabikia upande unaoongoza kwa bao moja anajua jinsi dakika hizo zinavyokuwa nzito, na kila aliyewahi kuushabikia upande unaofuata anajua jinsi zinavyokimbia. Saa ni ileile moja. Kwa Simba ilikuwa imebaki kama mtu anayevuka Mto Mara na tayari anauona ukingo wa pili: hatua tatu tu.

Katika dakika ya 87 Gibson Sembuli akasawazisha.

Sembuli alikuwa mtu wa mashuti. Waliomwona husema kwanza juu ya mguu wake, kisha ndipo husema mengine. Hatutajaribu kulisimulia bao hilo kana kwamba tulikuwapo, kwa sababu tumekwisha kulisikia likisimuliwa kwa njia nyingi zisizopatana, na kila msimulizi ameapa. Lililo hakika ni dakika yake. Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Mabingwa watetezi walikuwa wamekwisha kuushika ubingwa mkononi, nao ukawachoropoka mbele ya umati.

Tunafikiri mchezo ulikwisha hapo, ingawa ubao ulisema 1-1. Timu iliyolinda bao moja kwa dakika 71 na kulipoteza karibu na mlango hurudi kwenye dakika za nyongeza ikiwa na miguu ileile lakini si moyo uleule. Katika dakika ya 97, dakika ya saba ya nyongeza, Sunday Manara aliifungia Yanga bao la pili. Zilibaki dakika 23, nazo zilipita bila bao lingine. Yanga 2, Simba 1. Ubingwa ukarudi Jangwani, ila kwa njia ya kuzunguka ziwani.

Yaliyofuata tutayapitia kwa haraka, ingawa kila moja lingestahili makala yake. Simba hawakufa kwa kipigo hicho. Mwaka huohuo wa 1974 walifika nusu fainali ya Klabu Bingwa Afrika, wakatolewa na Mehalla ya Misri kwa mikwaju ya penalti. Ni heshima kubwa kuliko watu wanavyokumbuka. Mwezi Januari 1975 watani hao walikutana tena katika fainali, safari hii ya Afrika Mashariki na Kati, mjini Zanzibar, mahali pengine pasipo Dar es Salaam, na Yanga wakashinda 2-0. Lakini nyumba ya washindi ilikuwa ikipasuka. Kufikia mwaka 1976 mgogoro ndani ya Yanga ulikuwa umezaa klabu nyingine, Pan African, iliyoanzishwa na waliojitenga. Sunday Manara, ambaye watu walimwita Kompyuta wakati ambapo wengi wao hawakuwa wamewahi kuiona kompyuta, alikwenda Uholanzi mwaka 1977 kuichezea Heracles. Na tarehe 19 Julai 1977 Simba waliifunga Yanga 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga mabao matatu. Mzee wetu wa Simba anapobanwa sana juu ya Nyamagana, hunyanyua vidole sita bila kusema neno.

Turudi kwenye swali. Kijana aliuliza kwa nini isiwe Dar es Salaam, na katika umri wake hilo ndilo swali la kawaida. Ameona nini yeye? Ameona Biashara United ya Musoma ikipanda Ligi Kuu mwaka 2018, na Uwanja wa Karume ukijaa watu kutoka Bunda, Butiama, Tarime na kwingineko. Ameiona ikimaliza msimu wa 2020/21 katika nafasi ya nne na kupata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ameiona ikiitoa timu ya Djibouti, kisha mwezi Oktoba 2021 ikiifunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0. Lakini mchezo huo, ambao kwa karatasi ulikuwa wa nyumbani, haukuchezwa Musoma wala Mwanza. Ulichezwa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwa watu ambao timu ni yao. Mchezo wa marudiano haukuchezwa kabisa. Timu haikufika Libya, na safari ya Afrika ikakomea hapo. Mwisho wa msimu huo ikashuka daraja.

Tunafahamu kwamba viwanja vya mashindano ya kimataifa vina masharti yake, na hatuna ugomvi na masharti. Lakini hatuwezi kuacha kuuona mgeuko huo. Mwaka 1974, katika njaa na katika operesheni, timu mbili za Dar es Salaam zilisafiri mpaka ziwani ili mtu wa Bunda aweze, akitaka na akijaliwa nauli, kuuona ubingwa wa nchi yake ukiamuliwa. Mwaka 2021 timu ya watu wa ziwani ilisafiri mpaka Dar es Salaam ili icheze nyumbani.

Tulipokuwa tukiagana na wazee wale, tuliwauliza jambo ambalo tulipaswa kuliuliza mwanzo: ni nani kati yao aliyekuwapo Nyamagana siku ile? Mzee wa Yanga, yule wa dakika tatu, alicheka kidogo akasema kwamba yeye alisikiliza redioni, dukani, na kwamba betri zilikuwa dhaifu. Wengine nao walikuwa wa redio.

Aliyekuwapo alikuwa mmoja tu, mzee wa Simba. Alikwenda kwa lori la pamba, alisimama nyuma ya goli muda wote wa mchezo, akayaona mabao yote matatu. Alirudi Bunda siku ya pili yake jioni, ana njaa. Mama yake alikuwa amemwekea ugali, ukiwa umefunikwa vizuri. Alipofunua, ulikuwa wa njano.